Mtu wa Sekunde Kumi na Nne

Jumanne hiyo Goretti alikuwa na simu hamsini na tatu mezani. Kila simu ilibandikwa kipande cha plasta mgongoni, na juu ya plasta namba ya kalamu, maana watu wa Misiera, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hununua simu za aina moja, na ikifika jioni kila mtu huapa kwamba ile yenye kioo kizima ndiyo yake. Nyaya zilitoka kwenye betri mbili za gari, na betri zilipata moto kutoka kwa mabamba ya sola juu ya paa, yaliyobanwa kwa mawe yasichukuliwe na upepo. Goretti alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Macho aliyapa maharage, masikio aliyapa simu.

Saa nane mchana simu zote zilitetemeka kwa pamoja, hata meza ikasogea. Halikuwa jambo geni tangu vita vya nyumbani, huko Kivu ya Kusini, vilipoanza upya. Goretti aliweka ungo chini akachukua simu yake, namba moja.

Ilikuwa video ya sekunde kumi na nne. Barabara ya vumbi, asubuhi. Mtu amelala kifudifudi, mikono chini ya kifua, miguu imeelekea kushoto. Amevaa sweta ya kijani yenye mstari mweupe mabegani. Kuku wa rangi ya kahawia anatokea kulia, anapita nyuma ya yule mtu, anadonoa kitu, anatoka. Basi. Juu ya yote hayo mtu fulani alikuwa ameweka wimbo wa kwaya, kwa sauti kubwa mno.

Mara ya kwanza Goretti aliitazama kama alivyotazama zote. Mara ya pili aliiona sweta. Alipoinua kichwa, yule mtu alikuwa amelala barabarani, katikati ya meza yake na duka la maziwa la ng'ambo, na kuku alikuwa akipita nyuma yake. Bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa ilipunguza mwendo, ikamzunguka, ikaendelea na safari ya Base Camp, penye ofisi za kambi.

Sweta ile kila mtu aliijua. Miaka mitatu nyuma lori moja lilileta nguo za kugawa, sweta tupu, rangi moja, mstari mmoja, na kwa msimu mzima Nakivale ilionekana kama shule ambayo wanafunzi wake wamezeeka. Anatole, mume wa Goretti na baba wa binti yao Divine, alipata yake. Muhirwa, mtoto wa Kantengwa mwenye duka la maziwa, alipata yake pia, foleni hiyo hiyo, nyuma ya Anatole.

Hao wawili waliondoka siku moja. Anatole alikuwa mtu wa tambarare, na alisikia kwamba kuna watu wameingia katika shamba la mihogo la baba yake. Muhirwa, kijana wa miaka ishirini na minne, kwao ni milimani, na huko mjomba wake alikuwa bado na ng'ombe wao sita. Goretti na Kantengwa waliwasindikiza hadi paki ya basi Mbarara, wakawanunulia mikate na soda, wakasimama pamoja mpaka basi likapinda kona. Anatole alibeba mifuko yote miwili, kwa sababu Muhirwa alikuwa na jino bovu na njia nzima alikuwa ameshika shavu.

Anatole alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa shambani. Huko hakuweza kumaliza mstari wa maharage bila kuutangazia dunia. Akifika mwisho aliegemea jembe, akakohoa, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako mahali ni fasi, "Fasi hii imekwisha. Tuende." Kisha akahamia mstari wa pili, na mwisho wake akasema vile vile. Muhirwa, aliyelima naye misimu miwili, alikuwa anaanza kucheka kabla hajasikia kile kikohozi.

Miezi miwili baada ya basi kupinda kona, mapigano yakafika kule, na simu zao zote mbili zikanyamaza. Goretti akaanza kuishi ndani ya simu. Aliamka nayo, akapika nayo, akaenda nayo chooni. Kundi lake la WhatsApp liliitwa Sauti ya Tambarare. La Kantengwa liliitwa Milima Yetu. Katika Sauti ya Tambarare mkali kuliko wote alikuwa Prince, ambaye anafunga nyama kiwandani huko Amerika na hajasikia mlio wa risasi tangu akiwa na miaka sita. Prince ndiye aliyejua ni kijiji gani kimeanguka, nani amesaliti, na nani asisalimiwe tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Prince alijua hata majina ya kunguni. Milima Yetu nao walikuwa na Prince wao, yuko Ulaya ya baridi, na maneno ya hao wawili yalifanana hivi kwamba ungeweza kuyabadilishana bila mtu kugutuka.

Goretti na Kantengwa hawakugombana. Hakuna aliyemtupia mwenzake neno. Kila mmoja alisoma tu yale ambayo watu wake walisema juu ya watu wa mwenzake, na baada ya kuyasoma, "umeamkaje" ikawa nzito mdomoni. Mwezi wa kwanza walisalimiana kwa kichwa. Mwezi wa pili kila mmoja alikuwa na kazi nyingi kila mwenzake alipotokea mlangoni.

Sasa kati yao alikuwa amelala mtu.

Goretti alivuka hadi katikati ya barabara. Kantengwa naye alikuwa amefika, mkononi kikombe cha kupimia maziwa.

"Ni Baba Divine," Goretti alisema, bila kumtazama.

"Ni mutoto yangu," Kantengwa alisema, naye bila kumtazama.

Polisi alikuja jioni, afande mmoja mpole wa huku huku Uganda, akamzunguka yule mtu mara mbili akiwa na daftari.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu," walisema wote wawili.

"Hapana. Mtu moja, mwenyewe moja." Aliinama, akajaribu kuona uso, akashindwa. "Sasa mimi naandika nini? Hapana jina, hapana uso. Naandika sweta?" Akaandika sweta, akaondoka.

Watu wa Misiera walimzoea haraka. Hakuwa na harufu, kwa kuwa simu hazishiki harufu, na kwa hilo walishukuru. Mvua ya Jumatano haikumlowesha, maana siku ile kule haikunyesha. Kivuli chake kilibaki cha saa nne asubuhi kutwa nzima, na jua likizama kilikuwa kimeelekea upande usio wake. Mtandao ukidhoofika, kama unavyodhoofika Nakivale kila alasiri, alikatikakatika kuwa vipande vya mraba, na miguu yake ilichelewa kurudi. Kila baada ya sekunde kumi na nne kuku alipita. Watoto walijaribu kumkamata kuku siku ya kwanza, wakachoka.

Jumatano wanaume wanne walikuja kumgeuza, wawili wa upande huu na wawili wa ule, ili ijulikane. Walimshika kwa heshima wakamgeuza. Upande wa pili ulikuwa mgongo. Wakamgeuza tena, ukawa mgongo: sweta ile ile, mstari ule ule, kisogo kile kile. Mmoja wa wanaume, fundi seremala, akasema kwamba simu iliyompiga picha haikuona uso, basi uso ungetoka wapi. Wenzake wakakubali kwamba ni kweli, wakafuta mikono, wakaenda zao.

Hapo ndipo Goretti alipopata taabu ya kweli. Kwao mke halii mume aliye hai, maana huko ni kumwitia mauti. Tena mke akiacha kumlia mume aliyekufa, amemtupa kama mbwa. Alimtazama yule mtu asubuhi akaona mabega ya Anatole, akaketi kulia. Alimtazama saa sita akaona shingo ya kijana, akasimama akafuta machozi, akatamani kucheka. Alikuwa akiketi na kusimama kutwa nzima. Wateja walikuja kuchukua simu akawapa namba zisizo zao.

Akina mama wa shirika, wale wanaosali naye rozari, walimwamulia. Walileta turubai, mikeka, kuni na unga, wakafungua matanga mbele ya meza ya simu. Ng'ambo, mchungaji Nehemiya alileta turubai lingine na waumini wake, wakafungua matanga mbele ya duka la maziwa. Nyimbo zikagongana juu ya maiti. Siku ya kwanza kila upande uliongeza sauti. Siku ya pili sauti zilikauka, wakapatana kimyakimya: upande huu unaimba ubeti, upande ule unaimba wao, na katikati kuku anapita. Ni mapatano pekee yaliyofanyika kati ya pande hizo mwaka ule.

Katika makundi mambo yalikuwa tofauti. Video ile ile ilizunguka katika Sauti ya Tambarare ikiwa na maandishi *Ona wanavyotuua*, na katika Milima Yetu ikiwa na maandishi *Ona wanavyotuua*. Wimbo tu ndio ulibadilika.

Ijumaa Goretti alishindwa kukaa. Alimwachia jirani meza, akapanda gari la Mbarara, akamtafuta Divine, binti yake, anayesuka nywele ghorofani karibu na soko kuu. Divine alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Aliitazama video kwenye simu ya mama yake bila kuacha kusuka.

"Maman, mara namuona ni papa," alisema. "Kisha namuona haiko papa."

"Hata mi."

"Sasa tunafanya nini?"

Goretti alisubiri mpaka kichwa kikaisha, wakashuka pamoja kwa fundi wa simu, Tumwine, mwenye kibanda chini ya ngazi na lenzi iliyofungwa paji la uso kwa mpira. Fundi aliivuta picha ikakua. Kijani kikawa kijani kikubwa zaidi, kisha kikawa vyumba vyumba.

"Nyabo, hii video imetembea sana," alisema. "Kila simu imekula kidogo. Ukivuta, unapata rangi tu."

"Na sauti?"

"Sauti ni kwaya. Ile ya chini imekufa kabisa, wimbo umekalia yeye. Kutoa siwezi. Tafuta ile ya kwanza, ile bado hawajaweka wimbo."

Goretti alimweleza kwamba ya kwanza labda ndiyo ile iliyolala barabarani, mbele ya meza yake ya kuchajia. Fundi alisukuma lenzi juu akafikiri.

"Hiyo iko na wimbo?"

"Haina. Lakini makelele ya sokoni ni mingi, matanga pia iko mbili. Hatusikie kitu."

"Basi sikiliza wakati wako kimya. Lakini usisikilize kwa ile maiti. Simama mahali mwenye simu alisimama. Sauti yake itakuwa hapo." Kisha akaishusha lenzi, akamwita mteja aliyefuata.

Jumapili Goretti aliwaambia akina mama wa shirika kwamba kichwa kinamuuma. Wao walikwenda misa, na watu wa Nehemiya walikwenda kanisani kwao. Wenye maduka walikuwa bado hawajafungua. Barabara ilikuwa tupu, yeye na yule mtu na kuku.

Alishika simu yake mbele ya kifua, video ikiwa imesimamishwa, akaanza kutafuta mahali. Alirudi nyuma, akaenda kushoto, akapiga hatua moja, akalinganisha. Miguu ilipaswa kuelekea hivi. Mstari wa mabega ulipaswa kulala hivi. Kuku alipaswa kutokea pembeni kabisa. Alipotea mara kadhaa, kisha kila kitu kikakaa mahali pake, barabara juu ya barabara, sweta juu ya sweta. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mlango wa Kantengwa.

Kwanza alisikia pumzi, ya mtu aliyetoka kupanda mlima au kukimbia. Ilikuwa karibu mno, kama inatoka kifuani mwake mwenyewe. Halafu kikohozi. Halafu sauti ikasema, taratibu, kama ya mtu aliyeegemea kitu:

"Fasi hii imekwisha. Tuende."

Kuku akapita.

Goretti alifurahi. Lazima isemwe hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilimpanda kutoka magotini mpaka kichwani, akaweka mkono mdomoni asipige vigelegele katikati ya matanga. Mume wake yu hai. Mume wake amesimama kwa miguu yake, ana pumzi, ana kikohozi chake. Alimshukuru Mungu na Bikira Maria na watakatifu wote aliowakumbuka. Furaha hiyo ilidumu sekunde kumi na nne. Kisha pumzi ikaanza tena, na kikohozi, na yale maneno, na safari hii aliyasikia yakisemwa juu ya yule aliyelala pale chini, ambaye sasa alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kuwa: Muhirwa.

Alirudi kwake. Alisonga ugali ambao hakuula. Alitoka nje, akaingia ndani, akatoka tena. Alikumbuka mifuko miwili mikononi mwa Anatole, na kijana ameshika shavu. Aliwaza kwamba labda Anatole alilazimishwa. Labda alipita tu akakuta mtu amelala, akapiga picha kama watu wote wanavyopiga picha siku hizi. Aliyawaza hayo yote, na kila moja lilipofika mwisho alisikia kile kikohozi.

Akina mama waliporudi kutoka misa walimkuta amekwisha kukunja mikeka.

"Haiko ye," aliwaambia.

"Umejuaje?"

"Nimejua."

Wakatazamana. Wengine walipiga vigelegele kwa uangalifu, wengine waliuliza kama unga urudi kwa wenyewe. Goretti aliwaacha hapo akavuka barabara. Kantengwa alikuwa ameketi mlangoni pake, kanisani hakuwa amekwenda, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wafiwa.

"Mama Muhirwa."

"Karibu, Mama Divine."

"Ni wako. Umuzike."

Kantengwa alimtazama usoni, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Umeona nini?"

"Nimeangalia muzuri. Haiko wangu, basi ni wako."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu," Goretti alisema.

Kantengwa akaitikia kwa kichwa. Kisha akajilaza ubavu kwenye kizingiti, akaanza kulia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa siku zote tano, kwa maana siku zote tano alikuwa na nusu ya mwanawe na sasa hakuwa naye kabisa. Goretti alisimama pale. Hakujua mikono aiweke wapi.

Walimzika Jumatatu. Mchungaji Nehemiya alisoma, na watu walirusha udongo. Kaburini palizuka swali kama alazwe chali au kifudifudi, likaonekana halina maana. Jioni hiyo Prince aliandika katika Sauti ya Tambarare kwamba kuna mwanamke Nakivale amewauzia adui shahidi wetu. Watu mia mbili na kumi waliweka alama ya hasira, kati yao wanane waliokuwa wamekula ugali wa matanga yake. Saa moja baadaye kioo cha Goretti kilimwarifu kwamba ameondolewa.

Jumatano, saa nane mchana, simu zote zikatetemeka, meza ikasogea. Mtu mmoja katika nchi ambayo Goretti hakuisikia vizuri alikuwa ameituma video upya, na wimbo mpya. Yule mtu alikuwa amelala barabarani, mahali pale pale. Kuku akapita.

Hakuna aliyeshangaa. Walimzika tena Alhamisi, watu wachache kidogo. Alirudi Jumamosi. Mara ya tatu mchungaji Nehemiya alisoma kifupi, akaomba radhi, ana ubatizo. Mara ya nne walikuja wachimba kaburi wawili peke yao, na wao walisema kaburi watachimba, ila kubeba wamechoka. Walitangulia na majembe. Basi Kantengwa akatoka dukani akamshika mabega, na Goretti, bila kuitwa, akatoka kwenye meza yake akashika miguu. Hakuwa mzito. Alikuwa na uzito wa nguo iliyolowa.

Kabla hawajamwinua, Kantengwa alisema, "Ile sauti njo ya Baba Divine."

Goretti hakuiachia miguu. "Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Anasimamaka hapa ku mulango wangu. Napima maziwa, yeye anasema. Napima, anasema. Misimu mbili alilima na mutoto yangu, nitakosa kumujua?"

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikungoja wewe. Nikasema, ni mwenzangu, tulienda naye Mbarara, ataniambia. Ile Jumapili nikakuona unakuja, nikasema, Mungu, leo njo leo." Alirekebisha mshiko wake chini ya kwapa za sweta. "Ukasema nusu."

Aibu ilimwingia Goretti kama maji ndani ya kiatu.

"Nilifurahi," alisema mwishowe. "Niliposikia sauti yake, mbele ya yote, nilifurahi. Njo nikakosa namna ya kukuambia."

Kantengwa alifikiri. "Hata mi ningefurahi," alisema.

Mezani simu namba moja ilianza kuita. Iliita mpaka ikanyamaza, ikaanza tena. Goretti aliiona namba kutoka pale alipokuwa ameinama, au alijua tu bila kuiona. Ilianza na tarakimu za nyumbani.

"Pokea," Kantengwa alisema.

"Tubebe kwanza."

"Pokea. Umuulize mutoto yangu alisema nini mbele ya kuanguka."

Goretti aliishusha miguu taratibu, akaenda kwenye meza, akapokea. Alibonyeza sauti ya nje ili wote wasikie, akarudi nayo barabarani.

"Mama Divine? Ni mi." Kilikuja kikohozi. "Niko muzima."

"Tunajua."

"Mungu iko mukubwa. Mulinililia?"

"Siku tano."

"Pole, mama. Vita hii ni mubaya. Niko natafuta njia ya kurudi huko, mwezi huu ao ule mwingine." Kwa mbali nyuma yake mbuzi alilia, na ilisikika wazi kama amefungwa hapo mlangoni. "Divine iko? Majirani beko muzuri? Musalimie Mama Muhirwa."

"Iko hapa karibu yangu," Goretti alisema. "Anauliza mutoto yake alisema nini mbele ya kuanguka."

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, ile ile ya Jumapili. Kuku akapita. Kantengwa alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea simu, mikono yake bado chini ya kwapa za sweta. Mbuzi akalia tena. Kuku akapita mara ya pili.

"Rezo ya simu ya huku haiko muzuri," Anatole alisema, na simu ikakatika.

Goretti aliirudisha simu mezani, kati ya namba mbili na hamsini na tatu, akaichomeka. Alipogeuka, Kantengwa alikuwa amekwisha kujiweka sawa, mguu mmoja mbele, tayari kuinua. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Shika miguu," alisema. "Kaburi iko wazi, mvua itaingia."

Goretti akashika miguu, wakamwinua, wakashika njia ya makaburini. Nyuma yao simu zote zilitetemeka kwa pamoja, meza ikasogea, na hakuna kati yao aliyegeuka, maana mikono ilikuwa imejaa.